Mamlaka ya Mahakama na Kupokelewa kwa Shauri

Mkazi wa Kisiwani, wilayani Same, anaona haki yake ya msingi imevunjwa na Serikali. Je, anaweza kufungua shauri Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha? Mahakama hiyo hujiuliza maswali mawili.

(a) Mamlaka: Je, ina uwezo wa kusikiliza shauri hili? Nchi inayolalamikiwa lazima iwe imeridhia Itifaki ya 1998, na iwe imetoa tamko la kuruhusu watu binafsi. Tanzania ilitoa tamko mwaka 2010, ikaliondoa Novemba 2019. Tangu 22 Novemba 2020 mashauri mapya ya watu binafsi dhidi yake hayapokelewi.

(b) Kupokelewa: Je, masharti yametimizwa? Sharti kuu ni kumaliza kwanza ngazi za mahakama za nchini. Katika shauri la Mchungaji Mtikila kuhusu mgombea binafsi (2013), Mahakama ilisema ngazi hizo ni za kimahakama. Kusubiri Bunge hakuhesabiwi.

Zingatia: Mamlaka ikikosekana, shauri huishia hapo. Hivyo mkazi wetu, hata akishindwa Mahakama ya Rufani, hawezi kwenda Arusha mwenyewe. Anaweza kulalamika kwa Tume ya Afrika, Banjul.