Kulenga Shabaha kwa Bunduki za Kale: Mwongozo wa Anayeanza, kwa Mtazamo wa Garissa

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwanzo wa ngoma ni lele. Makala hii inanuia kueleza lele ya mchezo usiojulikana sana kwetu: mashindano ya kulenga shabaha kutoka masafa marefu kwa bunduki za aina zilizotumiwa na wachunga ng'ombe wa Marekani katika karne ya 19.

Huenda msomaji akauliza, mada kama hii ina nafasi gani Garissa? Swali hilo ni la haki. Kaskazini Mashariki iliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari mnamo Desemba 1963, wakati wa vita vya shifta, na sheria hizo hazikuondolewa hadi 1991. Aidha, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi kama sisi. Mahali ambapo neno bunduki huleta kumbukumbu ya matanga, anayetaka kulizungumzia kama mchezo sharti aonyeshe tofauti iko wapi. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo imo katika nidhamu, na nidhamu hutangulia bunduki yenyewe.

Asili na Vifaa

Mchezo huu ulichipuka California katika miaka ya 1980, na chama chake kikuu, Single Action Shooting Society, kiliasisiwa mwaka wa 1987. Washiriki huvaa mavazi ya kale na kutumia bunduki za miundo ya zamani. Katika masafa marefu kuna makundi mawili makuu: bunduki za wenzo zinazobeba risasi kadhaa, mfano Winchester ya 1873, na bunduki za risasi mojamoja, mfano Sharps ya 1874. Darubini za kisasa hazikubaliwi. Shabaha ni mabamba ya chuma yaliyosimamishwa mamia ya mita kutoka kwa mlengaji.

Kiswahili kina msamiati wa kutosha kuzieleza silaha hizi. Gobori, au korofindo, hushindiliwa baruti na marisau kupitia mdomo wa mtutu kwa mdeki. Bunduki za mchezo huu ni za kizazi kilichofuata, ambapo risasi kamili hutiwa upande wa nyuma wa kasiba. Ndugu yao ni Martini-Henry, iliyopokewa na jeshi la Uingereza mwaka wa 1871 na kutumiwa pia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne hiyo.

Risasi, Upepo na Mazigazi

Risasi ya kale ni nzito na ya polepole. Ile iitwayo .45-70, iliyobuniwa mwaka wa 1873, hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 400 kwa sekunde. Ili kufika umbali wa mita 450 hivi huchukua kama sekunde moja na nusu, na katika muda huo huanguka takriban mita 10 chini ya mstari wa mtutu. Mlengaji hana budi kuukadiria umbali, kisha ainue kilengeo kwa kipimo hicho. Akifaulu, mlio wa bamba humrudia sekunde 3 hivi baada ya kufyatua.

Upepo nao huisukuma risasi kando. Hapa mkazi wa Garissa ana elimu asiyoijua thamani yake. Mazigazi yanayochezacheza juu ya ardhi wakati wa jua kali humwonyesha mlengaji upepo unakoelekea: yakiinama kushoto, upepo unakwenda kushoto. Hali kadhalika, mchungaji aliyezoea kukadiria umbali wa ngamia nyikani tayari ana nusu ya ujuzi unaotakiwa.

Hatua za Anayeanza

Kwanza, ajue sheria. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka kila mmiliki awe na leseni, na kumiliki bila leseni ni kosa kubwa.

Pili, akariri kanuni nne: kila bunduki ichukuliwe kuwa imejazwa, mtutu usielekezwe kwa kitu usichokusudia kukipiga, kidole kisiguse kifyatulio kabla ya kulenga, na mlengaji ajue kilichoko nyuma ya shabaha yake. Kanuni ya mwisho ina uzito wa pekee kwetu. Risasi hiyo ya .45-70 yaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3, na uwanda unaoonekana mtupu una wachungaji, watoto na mifugo. Kwa hiyo nyika haiwi kamwe kiwanja cha mazoezi.

Tatu, aende kwa mkufunzi katika kiwanja kilichoidhinishwa chenye ukingo wa udongo wa kuzuia risasi. Kwa mkazi wa Garissa, hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 350 hadi Nairobi na viunga vyake. Huko atajifunza misingi, ingawa mashindano yenyewe ya bunduki za kale yangali hasa ya Marekani.

Hitimisho

Makala hii haimshawishi yeyote kununua bunduki. Katika Kiswahili, shabaha ni kile kinacholengwa, na pia ni kusudi la mtu. Mchezo huu humtaka mlengaji azijue shabaha zote mbili kabla ya kugusa kifyatulio, na asipokuwa na hakika nazo, aishushe bunduki na kuondoka. Waliotuliza mwaka 2015 hawakuuawa na mchezo. Hata hivyo, kwa heshima yao, yeyote atakayeuanza na auanze kwa somo hilo.