Nyika ya Majani Marefu

Katikati ya nchi ya Marekani, katika jimbo la Kansas, kuna vilima viitwavyo Flint Hills, maana yake Vilima vya Gumegume. Miti ni michache huko. Mtu atazamapo kila upande huona majani tu, yakiyumba kwa upepo kama mawimbi ya bahari. Mahali hapo pana hifadhi ya taifa yenye eka karibu 11,000, iliyowekwa kwa sheria mwaka 1996.

Huenda mtu akauliza, Majani yana haja gani ya kulindwa? Zamani nyika ya majani marefu ilienea eka kama milioni 170. Chini yake palikuwa na udongo mweusi wenye rutuba. Mwaka 1837 mhunzi mmoja, jina lake John Deere, alitengeneza plau ya chuma cha pua, ambayo udongo ule mzito haukuganda juu yake. Wakulima wakalima, wakapanda mahindi na ngano, na nyika karibu yote ikageuka mashamba. Leo katika kila eka 100 za zamani hazizidi 4 zilizobaki. Vilima hivi viliokolewa na mawe yake, kwa kuwa udongo wake ni haba na plau haikuweza kupita.

Mkubwa wa wanyama wa nyika ni nyati. Nyati wa Marekani si sawa na wa Afrika: ana nundu mabegani, pembe fupi, na manyoya mengi kichwani na shingoni. Dume huweza kufika uzito wa ratli 2,000. Zamani walikuwa mamilioni mengi, lakini waliwindwa kwa bunduki hata kabla ya mwaka 1890 wakabaki pungufu ya 1,000. Mwaka 2009 nyati 13 waliletwa katika hifadhi, wakazaana. Nyati hula majani na kuacha mimea ya maua, nayo hupata nafasi ya kukua. Tena hugaagaa mavumbini, na mashimo wanayoyafanya hujaa maji ya mvua.

Jambo la ajabu ni kwamba nyika hii huishi kwa moto. Majani yake makubwa huweza kupita kimo cha mtu, na mizizi yake hushuka chini sana, hata futi 10. Moto wa majira ya kuchipua huteketeza majani makavu na miche ya miti, bali mizizi haidhuriki. Jua hupasha udongo joto, na baada ya siku chache chipukizi hutokea. Moto usipopita kwa miaka mingi, miti huingia na nyika hugeuka kuwa msitu. Wenyeji wa zamani, yaani Wakansa, ambao jimbo limeitwa kwa jina lao, walijua kazi ya moto. Mwaka 1873 serikali iliwahamisha, lakini wafugaji waliowafuata waliendelea kuchoma.

Hata hivyo moto huhitaji kiasi. Yuko ndege aitwaye kuku wa nyika. Alfajiri madume hukusanyika mahali penye majani mafupi, hujaza hewa mifuko ya rangi ya chungwa iliyo shingoni, hulia kwa sauti nzito na kucheza mbele ya majike. Lakini jike hutaga mayai chini, ndani ya majani marefu. Nyika yote ikichomwa kwa mara moja, hana pa kuficha kiota. Isipochomwa kabisa, madume hawana uwanja. Kwa hiyo watunzaji huchoma sehemu moja na kuacha nyingine. Nyati huenda kula chipukizi penye moto mpya, na ndege hulea vifaranga vyake pasipochomwa.

Basi kulinda nchi si kuizungushia ua na kuiacha. Mlinzi hana budi kujua kila kiumbe kinahitaji nini, na kukipa kwa wakati wake.