Baada ya degedege

Mtoto akipona malaria ya ubongo, nyumbani huwa shangwe. Homa imeshuka, degedege limekwisha, uji anaumaliza. Miezi inapita ndipo mama anashtuka: akimtuma dukani chumvi na kiberiti, anarudi na chumvi tu. Shuleni ameshapewa jina, mzembe.

Jina hilo linaniuma, kwa sababu si lake. Watafiti waliowafuatilia watoto waliotibiwa Kampala, katika Hospitali ya Mulago, walichapisha matokeo yao mwaka 2008: miaka 2 baada ya ugonjwa, takriban mtoto 1 kati ya 4 alikuwa bado na upungufu wa uwezo wa akili.

Huko huko Uganda, mwanasaikolojia Paul Bangirana na wenzake, akiwamo Mmarekani Michael Boivin, waliwakalisha watoto kama hao mbele ya kompyuta yenye programu ya mazoezi ya ubongo iitwayo Captain's Log. Kwa wiki 8.

Mazoezi ya aina hii ukiyatazama yanafanana na mchezo. Picha zinatokea, zinafunikwa, mtoto akumbuke ipi ilikuwa wapi. Akipatia, picha zinaongezeka. Akikosea mara kadhaa, zinapungua. Ufundi wa mtengenezaji uko hapo hasa, katika kupanda na kushuka huko. Zoezi likiwa jepesi mtoto anasinzia, likiwa gumu anakata tamaa. Na mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kumpimia kila mmoja kiasi chake.

Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha waliofanya mazoezi wakijifunza vizuri zaidi, na huzuni na hofu wanazozifungia moyoni zikipungua. Hili la pili kwangu ni kubwa.

Hata hivyo tusikimbilie kununua. Mwaka 2010 Adrian Owen na wenzake, Uingereza, walitangaza jaribio la watu 11,430 waliofanya mazoezi ya ubongo kwa wiki 6. Walikuwa hodari katika michezo ile ile waliyoizoea, basi. Kwingine ustadi haukuhamia. Kweli, wale walikuwa watu wazima na wazima wa afya, si watoto waliojeruhiwa ubongo. Lakini anayetengeneza programu kwa ajili ya watoto wetu asiniletee alama za kwenye skrini. Amtume mtoto dukani, vitu viwili, kisha vitatu, tuone atarudi na nini.

Na hospitali isingoje mama ashtuke. Siku mtoto anaporuhusiwa, kwenye kadi yake iandikwe na tarehe ya kurudi kupimwa kumbukumbu.