Hewa Ikifika, Damu Nayo Ifike

Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma mjini hutoka kwenye visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Aliyejenga mlimani anajua: presha ikishuka, wa bondeni wanajaza ndoo, kwake bomba linakoroma tu. Damu iliyomo mapafuni inafuata sharti hilohilo.

Upande wa kushoto wa moyo husukuma damu mwilini kwa presha ya karibu 120, ile ya juu tunayopimwa mkononi. Upande wa kulia, unaopeleka damu mapafuni, husukuma kwa takriban 25 tu. Pafu la mtu mzima aliyesimama lina kimo cha kama sentimita 30, na presha hiyo inaifikisha damu kwa shida kwenye ncha ya juu, nyuma ya mtulinga. Damu nyingi hupita chini, kwenye kitako cha pafu. Hewa nayo huingia zaidi chini, maana vifuko vya hewa vya huko vimebanwa na uzito wa pafu lenyewe na vina nafasi kubwa ya kutanuka, ila tofauti yake si kubwa kama ya damu. Hivyo juu hewa inazidi damu, chini damu inazidi hewa. John West na wenzake walilipima jambo hili London miaka ya 1960: waliwavutisha watu hewa yenye mionzi kidogo, kisha wakaifuatilia kifuani kutoka juu hadi chini.

Kuruta wa JKT Makutupora akiwa kwenye mchakamchaka, moyo wake unaweza kutoka lita 5 za damu kwa dakika hadi 20. Presha mapafuni hupanda, na mishipa ya juu iliyokuwa imenywea hufunguka. Anaihitaji yote: kwenye uwanda huu wa Dodoma, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa asilimia 10 hivi kuliko Tanga.

Kinachonistaajabisha zaidi kiligunduliwa kwa paka mwaka 1946 na Wasweden wawili, von Euler na Liljestrand. Kwingine mwilini, oksijeni ikipungua mishipa hutanuka. Mapafuni hujibana, ili damu iache eneo lisilo na hewa na kuelekea lenye hewa. Mtoto mwenye nimonia huponea hapo, mpaka eneo lililojaa majimaji liwe kubwa mno. Hapo damu hupita bila kuchukua oksijeni, midomo hubadilika rangi, na hata oksijeni ya mtungi husaidia kidogo.

Kifua kikuu kinapoamka kwa mtu mzima hupenda ncha ya juu. Vimelea vyake vinataka oksijeni nyingi, na kule hubaki nyingi, maana damu ya kuibeba ni kidogo. Ndiyo maana kwa mtu aliyekohoa wiki mbili au zaidi, daktari huiangalia kwa makini sehemu ya mtulinga kwenye picha ya eksirei, na makohozi hupimwa.