Bhool Bhulaiyaa: Tulimsaka mzuka, tukampita mgonjwa

Katika barabara ya Kingsbury, kaskazini magharibi mwa London, maduka ya sari, ya viungo na ya vitamu vya Kihindi yamepangana pande zote mbili. Lugha inayosikika zaidi ni Kigujarati, lakini mpita njia mwenye sikio la pwani hushtuka pindi anaposikia, katikati ya mazungumzo hayo, maneno kama "fagio", "kisu" au "pole pole". Wazee wengi wa hapa hawakuja Uingereza moja kwa moja kutoka India. Wapo waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na wapo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wakapewa siku 90 za kufungasha maisha yao.

Mwaka 2024, wakati wa sikukuu ya Diwali, gumzo la mtaa huu lilikuwa filamu ya Bhool Bhulaiyaa 3, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 1 Novemba. Jirani yangu, mama aliyezaliwa Jinja, alinikaribisha kwake tuitazame upya ile ya kwanza ya mwaka 2007 kabla hatujaikimbilia mpya. Niliiona zamani kwa DVD iliyonunuliwa katika barabara hii hii, nami nilikumbuka vicheko tu. Safari hii niliondoka nikiwa na mawazo mengine.

Chumba kilichofungwa

Neno "bhool bhulaiyaa" maana yake ni mzingile, yaani jengo la njia nyingi ambamo aingiaye hupotea. Filamu iliongozwa na Priyadarshan, na sehemu kubwa ilipigwa katika kasri la Chomu, karibu na Jaipur.

Siddharth, kijana wa ukoo wa kifalme, anarejea kutoka Marekani pamoja na mkewe Avni, na wanaamua kukaa katika kasri la mababu. Wazee wanawaonya. Inasemekana kwamba katika chumba cha ghorofa ya juu umefungiwa mzuka wa Manjulika, mnenguaji kutoka Bengal aliyeletwa katika baraza la mfalme. Mfalme alimtamani, naye moyo wake ulikuwa kwa mnenguaji mwenzake. Mfalme akamuua mpenzi wake, na Manjulika akafa akiapa kulipiza kisasi.

Avni anachongesha ufunguo na kukifungua chumba. Baada ya hapo vitu vinavunjika, nguo zinashika moto, na usiku husikika njuga za miguu ya mtu anayecheza. Siddharth anamwita rafiki yake Aditya, daktari wa magonjwa ya akili, nafasi iliyochezwa na Akshay Kumar. Kwa saa nzima na zaidi tunacheka jinsi wajomba na watumishi wanavyokimbizana na vivuli vyao.

Mwisho wake unajulikana na wengi. Mzuka haupo. Avni mwenyewe, aliyeigizwa na Vidya Balan, ni mgonjwa. Nafsi yake imegawanyika, na sehemu moja imejivika jina na uchungu wa Manjulika.

Hadithi hii haikuanzia katika Kihindi. Ni marudio ya filamu ya Kimalayalam ya mwaka 1993, Manichitrathazhu, iliyoongozwa na Fazil, ambayo ilimpatia Shobana tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji bora wa kike. Kabla ya kufika Mumbai ilikuwa imekwisha kutengenezwa upya katika Kikannada mwaka 2004 na katika Kitamil mwaka 2005.

Pepo mwenye lugha ya kigeni

Kwetu sisi tuliolelewa Unguja, ambako filamu za Kihindi zilijaza majumba ya sinema tangu enzi za Raj Kapoor, kuna jambo katika Bhool Bhulaiyaa ambalo halihitaji mkalimani. Avni anapobadilika huanza kusema Kibengali, lugha ya mnenguaji yule.

Ndivyo walivyo pepo wa pwani. Pepo akipanda kichwani husema kwa lugha ya kwao. Pepo wa kibuki huhesabiwa kuwa watu wa Bukini, ndiyo Madagaska, nao hudai pombe kali hata wanapompanda Mwislamu asiyewahi kuionja. Pepo wa habeshia huhusishwa na masuria wa Kihabeshi waliokuwa katika majumba ya masultani. Hapo msomaji na atulie kidogo: mwanamke wa kigeni, jumba la mfalme, uchungu usiokwisha. Ni hadithi ya Manjulika, ila imesimuliwa Zanzibar.

Hata tiba yenyewe inafanana. Katika ngoma ya pepo, fundi hatangulizi kumfukuza mgeni. Kwanza humpandisha, humuuliza jina lake na anachokitaka, kisha akapatana naye. Aditya, daktari aliyesoma, naye anafanya hivyo hivyo. Anashirikiana na kuhani, wanatengeneza hila jukwaani, na Manjulika anapewa upanga amkate mfalme shingo. Anachokikata ni sanamu, lakini kisasi chake kimetimia. Filamu inajisifu kuwa ni ushindi wa sayansi dhidi ya ushirikina, ilhali dawa yake imechumwa katika kilinge cha mganga.

Sayansi inasemaje?

Madaktari wa akili wana haki ya kulalamika. Ugonjwa wa nafsi kugawanyika upo, na mara nyingi huhusishwa na maumivu makubwa ya utotoni, lakini hauponi kwa usiku mmoja wa moshi na upanga. Matibabu yake ni mazungumzo ya muda mrefu, pengine ya miaka. Aidha, mgonjwa huwa hatari kwa nafsi yake mwenyewe zaidi kuliko kwa jirani zake.

Hata hivyo, sayansi nayo imejifunza kuheshimu mipaka. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inaitambua hali ya mtu kutawaliwa na nafsi ngeni kuwa ni ugonjwa pale tu inapomjia bila hiari, ikamtesa, na ikawa nje ya mila au dini inayokubalika katika jamii yake. Kwa maneno mengine, anayecheza ngoma ya pepo Jumamosi na Jumatatu akaenda kazini si mgonjwa. Anayeshindwa kulala, kula na kuwatambua wanawe anahitaji kufikishwa Mirembe, Mathari, Butabika au Kidongo Chekundu, na asichekwe njiani.

Aliyeshukiwa

Jambo lililonichoma zaidi nililipita kabisa mara ya kwanza. Yupo katika filamu msichana aitwaye Radha, mtoto wa kulelewa, aliyetarajiwa kuolewa na Siddharth kabla ya Avni kutokea. Mambo yanapoharibika, Siddharth anamshuku yeye. Ushahidi ni nini? Ni mpole mno, ana sababu ya kuona wivu, na hana wa kumtetea.

Katika filamu Radha anasalimika kwa sababu daktari ana subira ya kuchunguza. Nje ya filamu mambo huwa mengine. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, wekundu ambao aghalabu huletwa na moshi wa jikoni. Katika kaunti ya Kilifi, Kenya, mvi zimewaponza wazee. Mara nyingi chanzo ni maradhi au kifo ambacho hakuna aliyekitafutia maelezo. Nyumba yenye mgonjwa asiyetambuliwa haikosi kumpata mchawi.

Ndiyo maana nilivunjwa moyo na mfululizo uliofuata. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 2022, mzuka ni mzuka wa kweli. Sinema zilijaa, na Tabu aliigiza vizuri sana, lakini lile swali gumu la mwaka 2007 liliachwa mlangoni. Palipokuwa na mtu wa kutibiwa, sasa pana jini la kufungiwa.

Kimya cha jirani

Kuna kipande kifupi ambacho watazamaji hukisahau, kwa kuwa hakina njuga wala kicheko. Aditya anachunguza maisha ya Avni na kugundua kwamba alilelewa na bibi yake, aliyemlaza kila usiku kwa hadithi. Siku moja wazazi wakaja wakamchukua kwenda mjini, yeye akilia. Hakuna aliyemuuliza. Jeraha likalala miaka mingi, hata lilipopata chumba cheusi na hadithi ya mwanamke mwingine aliyetolewa kwao.

Kipande hicho kilipofika, jirani yangu aliweka chini kikombe cha chai. Mwaka 1972 alikuwa na miaka tisa. Pasipoti za familia yao hazikuwa za namna moja. Wazazi na watoto wakaja Uingereza, bibi akapelekwa India. Hawakuonana tena.

"Tulifika hapa, tukapelekwa shule," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Jinja. "Ndugu yangu, hakuna mtu iliuliza."

Nami niliyeiacha nchi yangu bila kupenda sikuwa na la kuongeza. Tuliitazama hadi mwisho, tukacheka palipochekesha, kwani filamu hii bado inachekesha. Kisha aliniuliza kama nitaandamana naye kuiona sehemu ya tatu, ambamo Vidya Balan amerejea. Nilimjibu nitakwenda, ila nitakuwa namtazama yule anayenyooshewa kidole, kabla sijamtazama anayepiga kelele.