Idhini Isiyosomwa Hailindi Amana

Baadhi ya vijana wetu wa Shinyanga, Kahama na Geita waandikao programu za kompyuta sasa husaidiwa na akili mnemba. Msaidizi huyu hajibu maswali tu. Hufungua mafaili, huyabadilisha na huendesha amri ndani ya kompyuta. Ndiyo maana amewekewa utaratibu wa kubisha hodi: kabla ya kutenda, huomba ruhusa.

Utaratibu huo ni mwema, ila hodi zikizidi hugeuka kelele. Kijana aliyeulizwa mara arobaini tangu asubuhi huitikia ya arobaini na moja bila kuisoma. Mwingine huchoka, akazima maswali yote. Wote wawili wameacha mlango wazi, na ndani mna amana: hesabu za duara la dhahabu, au daftari la mayatima na wapokea zaka wa msikiti. Taarifa za watu zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hatari hii si ya kubuni. Julai 2025, mfanyabiashara wa Marekani, Jason Lemkin, alieleza hadharani kwamba msaidizi wa kampuni ya Replit alifuta kanzidata yake iliyokuwa ikitumika, ilhali alikwisha kumwagiza asibadilishe chochote. Taarifa zilirejeshwa baadaye, lakini funzo lilibaki: agizo la maneno si kufuli.

Basi njia ya kati ni ipi? Katika Surat An-Nur, aya ya 58, watumwa wa nyumbani na watoto wasiobaleghe wameamrishwa kuomba idhini nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya Isha. Nje ya nyakati hizo, hapana lawama wakiingia na kutoka. Hatusemi kwamba aya inahusu kompyuta. Twachukua hekima yake, kwamba hodi huwekwa penye sitara ya kulindwa. Hata mgodini, mchimbaji haombi ruhusa kila anyanyuapo sururu, lakini baruti hailipuliwi bila tahadhari kutolewa.

Baadhi ya wasaidizi hawa, kama Claude Code, hukubali kupangiwa mafungu matatu. La kwanza ni yaliyoruhusiwa bila kuuliza, kama kusoma programu na kuifanyia majaribio. La pili ni ya kuulizwa kila mara: kufuta, kutuma nje, kuweka programu mpya. La tatu ni yaliyokatazwa kabisa, kama kugusa nywila. Tena kazi ifanyike juu ya nakala, na taarifa halisi zikae mbali.

Mzazi asiyejua kompyuta anaweza kumuuliza mwanawe swali moja: "Msaidizi wako anaweza kufuta nini bila wewe kujua?" Jibu lisipopatikana, kazi isianze. Allah atuwafikishe kuzitunza amana za waja Wake. Amin.