Kwa Nini Chura Yule Aliishi Pale Tu?

Wanachuo wenzangu, kuna wapangaji waliofika hapa Mlimani mwaka 2010 ambao hawakugombania kitanda hosteli wala kusubiri bumu. Walikuwa vyura 100, wa rangi ya dhahabu, kila mmoja akitosha kukaa juu ya ukucha wa dole gumba. Walikuja kwa ndege kutoka Marekani, lakini Wamarekani hawakuwa. Kwao ni Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa.

Niliwasimulia wanafunzi wa kidato cha pili habari hii nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa kwa nini asingehamia mto mwingine?" Swali dogo, lakini jibu lake linahitaji mada tatu ambazo shuleni huwa tunazifundisha mbalimbali, kana kwamba hazijuani.

Tuanze na mwamba. Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita kule Kenya na kupita Pare, Usambara na Uluguru. Wengi hudhani ni milima ya volkano kama Kilimanjaro. Hapana. Kilimanjaro ni mtoto, hajafikisha hata miaka milioni 3. Tao la Mashariki ni miamba ya kale sana iliyoinuliwa ardhi ilipopasuka, na inakadiriwa kuwa imesimama kwa miaka isiyopungua milioni 30. Ilipoinuka iliacha kingo kali, na Mto Kihansi unaporomoka kwenye ukingo mmojawapo.

Pili, hali ya hewa. Pepo za Bahari ya Hindi zinakuja zimebeba unyevu, zikigonga milima hii zinapanda, zinapoa, mvua inanyesha. Hata zama za barafu, Afrika ilipokauka na misitu mingi ikasinyaa, bahari hii haikupoa sana, hivyo misitu ya hapa ikaendelea kupata maji. Lakini kati ya mlima na mlima kuna nyika kavu. Kiumbe aliyezoea unyevu havuki. Kila mlima ukawa kama kisiwa, na viumbe wake wakabadilika kivyao. Ndiyo maana mbega mwekundu wa Udzungwa humkuti kwingine zaidi ya milima hiyo na misitu ya jirani yake.

Chura wetu alibana zaidi. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, eneo la viwanja vichache vya mpira, palipolowa usiku na mchana, mwaka mzima. Hatagi mayai kama vyura wengine. Anazaa vitoto vilivyokamilika. Kumwambia ahamie mto mwingine ni sawa na kumwambia samaki avuke barabara.

Tatu, sisi. Ukingo ule ule uliompa chura manyunyu unafaa pia kufua umeme, maana maji yanashuka zaidi ya mita 800. Likajengwa bwawa, na maji mengi yakaelekezwa kwenye handaki hadi kwenye mitambo ya megawati 180. Chura aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi ukiwa tayari umeanza. Mitambo ilipowashwa, manyunyu yakakatika. Vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Idadi ikapanda, kisha mwaka 2003 ikaporomoka. Ugonjwa wa kuvu unaoua vyura duniani kote ulikutwa pale. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Wale 100 waliletwa ili wazaliane hapa chuoni, na mwaka 2012 wa kwanza wakarudishwa Kihansi. Lakini hadi leo hawezi kuachiwa ajitegemee: manyunyu yake yanategemea mabomba.

Jamani, sisemi bwawa lisingejengwa. Umeme ule ulihitajika, na mimi mwenyewe naandika haya chini ya taa. Ninachosema ni kwamba mwamba ulichukua mamilioni ya miaka kumtengenezea chura yule makazi, na sisi tulihitaji muda mfupi tu kuyaondoa, kabla hata hatujamaliza kumfahamu. Kujua nani anaishi mahali kunatakiwa kuja kabla ya kuchora ramani ya ujenzi.

Na kama chura hakugusi, fikiria bomba la hosteli. Sehemu kubwa ya maji ya Dar inatoka Mto Ruvu, na Ruvu inapokea maji yake Uluguru: mwamba wa kale ule ule, pepo zile zile za bahari, msitu ambao nao unakatwa kupata mashamba na mkaa. Siku mkienda kufundisha, msiishie kuwaambia watoto kwamba Uluguru ni safu ya milima. Waambieni maji yao yanatoka wapi.